Ulingo Uliokimbiwa: Haraka ya Msuko katika Riwaya ya Cashel Byron's Profession

1.0 Utangulizi

Riwaya ya mapenzi inayojengwa juu ya mchezo haijapewa uzito mkubwa katika taaluma ya uhakiki. Mara nyingi huwekwa katika kapu la riwaya pendwa, ikasomwa kwa kuburudika na kusahauliwa. Mtazamo huu una walakini. Mchezo wa kulipwa humpa mtunzi nyenzo adimu: ni kazi ifanywayo kwa mwili, hadharani, kwa ujira, na kwa miaka michache tu kabla ya nguvu kuisha. Mapenzi yakiingizwa katika mazingira hayo, huzuka maswali ambayo riwaya ya mapenzi ya kawaida yaweza kuyakwepa. Je, mtu apendwe licha ya kazi yake au pamoja na kazi yake? Heshima ya mtu hutoka katika jasho lake au katika ukoo wake?

Maswali haya ndiyo yanayoibuliwa na Cashel Byron's Profession, riwaya ambayo George Bernard Shaw aliiandika kati ya mwaka 1882 na 1883 akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Shaw anajulikana zaidi kwa tamthilia zake, na riwaya zake tano za ujanani husomwa na wachache. Hii ya nne inastahili kuangaliwa upya kwa sababu inaahidi makubwa na kutimiza machache. Makala haya yanadai kwamba udhaifu wake mkuu ni haraka, ila haraka hiyo haimo katika kasi ya kalamu. Imo katika msuko: mtunzi anauliza swali zito kuhusu kazi ya mwili, kisha anakimbilia jibu ambalo halitokani na swali hilo.

2.0 Mazingira ya Utunzi

Ni muhimu kutenga haraka ya mwandishi na haraka ya maandishi. Shaw mwenyewe alieleza baadaye kwamba katika miaka ile alijiwekea sharti la kuandika kurasa tano kila siku, na kwamba alilifuata kwa ukaidi kiasi cha kuacha sentensi nusu pale ukurasa wa tano ulipojaa. Huo ni utaratibu wa karani, na haumwelezi mtu aliyekurupuka. Aidha, mada hakuibuni hewani. Rafiki yake Pakenham Beatty alimwingiza katika ndondi, akajifunza kwa mwalimu Ned Donnelly, na mwaka 1883 akajiandikisha katika mashindano ya mabondia wa ridhaa, ijapokuwa hakupata kupanda ulingoni. Kwa hiyo mtunzi huyu alikijua alichokiandika kuliko wengi wanaojaribu mada hii.

Wachapishaji waliikataa riwaya hiyo mwanzoni. Ilitokea kwanza kwa sehemu katika jarida la kisoshalisti la To-Day kuanzia mwaka 1885, ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1886. Robert Louis Stevenson aliisoma akaifurahia, hasa mhusika Bashville. Shaw aliirekebisha kwa matoleo ya baadaye, likiwemo lile la mwaka 1901, lakini mwisho wa hadithi ulibaki vilevile. Jambo hili lina uzito katika hoja ya makala haya. Kasoro ambayo mtunzi hakuiondoa baada ya miaka kumi na minane haiwezi kusamehewa kwa kisingizio cha ujana peke yake.

3.0 Ahadi ya Riwaya

Kwa muhtasari, Cashel ni kijana mtundu ambaye mama yake, mwigizaji wa jukwaani, amemweka shule ya bweni asikojifunza lolote la maana. Anatoroka, anafika Melbourne, na huko anapata kazi katika ukumbi wa Ned Skene, bondia mstaafu. Skene anagundua kipaji chake na kumfunza. Miaka kadhaa baadaye Cashel yuko Uingereza, bingwa anayejiandaa kwa pambano, na amekodishiwa nyumba ndogo katika ardhi ya Lydia Carew, mwanamke msomi mwenye utajiri mkubwa. Lydia anamwona msituni akiwa katika mazoezi, anadhani ameona sanamu ya kale ya Kigiriki iliyopata uhai, na mapenzi yanaanzia hapo. Hajui kazi ya kijana huyo, naye kijana anaificha.

Msingi huu ni imara. Ndondi za ngumi tupu zilikuwa haramu kisheria katika Uingereza ya wakati ule, ilhali mabwana wakubwa walizihudhuria na kuzichezea kamari. Bondia alishangiliwa usiku na kukanwa asubuhi. Shaw anauona unafiki huu barabara. Katika sura iliyo bora kuliko zote, Cashel anajitetea mbele ya Lydia baada ya siri kufichuka. Anamkumbusha kuwa miongoni mwa wageni wanaokaribishwa sebuleni kwake kwa heshima wamo wenye kuwapasua wanyama wakiwa hai kwa jina la sayansi, wenye kuua ndege kwa burudani, na wenye kupata vyeo kwa vita. Yeye anapigana na mtu aliyekubali kupigana, aliyejiandaa kama yeye, na anayelipwa kama yeye. Kwa nini basi awe yeye peke yake wa kuonewa aibu?

Hoja hiyo haijibiwi na Lydia, na haiwezi kujibiwa kwa urahisi. Usawiri wa Cashel hapa umekomaa. Lugha yake ni ya mtu asiyesoma sana lakini anayefikiri sawasawa, na mtunzi hamfanyi kichekesho. Msomaji anayefika sura hii ana haki ya kutarajia kwamba kilichobaki cha riwaya kitalipima swali hilo kwa matendo. Je, Lydia atamkubali bondia akiwa bondia? Na kama hatamkubali, je, riwaya itakuwa na ujasiri wa kuonyesha bei ya kukataa huko kwa pande zote mbili?

4.0 Urithi Kama Mlango wa Nyuma

Matarajio hayo yanavunjika. Baada ya pambano haramu kuvamiwa na polisi, Cashel anakimbilia kwa Lydia, naye Lydia, aliyejengwa tangu mwanzo kama mwanamke asiyesema uongo, anasema uongo ili kumficha. Tukio hili lingeweza kuwa kitovu cha riwaya nzima, kwa sababu hapa kanuni na mapenzi vinagongana ndani ya nafsi moja. Mtunzi hakai nalo. Kesi inageuzwa kuwa dhihaka ya mahakama na kuishia kwa adhabu nyepesi. Kisha inafichuka kuwa Cashel si mtu wa kawaida hata kidogo: mama yake alikuwa ameficha kwamba baba yake alitoka katika ukoo wa wenye ardhi, na kwamba yeye ndiye mrithi wa mali Dorsetshire. Bondia anaacha ulingo, anakuwa bwana shamba, na ndoa inafuata.

Mbinu ya ukoo uliofichika ni kongwe katika fasihi za dunia. Ngano za Waswahili pia zinamjua maskini ambaye mwisho wa hadithi hugundulika kuwa mwana wa sultani. Ila katika ngano mbinu hiyo huandaliwa: msikilizaji huachiwa alama, pete au kovu, na ugunduzi huthibitisha tabia aliyokwisha kuionyesha shujaa. Hapa ugunduzi unalifuta swali. Ikiwa Cashel ni bwana kwa damu, basi yale yote aliyomweleza Lydia kuhusu heshima ya kazi yake hayana haja tena ya kujibiwa. Jamii haikulazimika kumkubali bondia, na Lydia hakulazimika kuchagua. Hata Cashel hakuchagua, maana aliacha ndondi pale ambapo kuziacha hakukumgharimu kitu.

Wahusika wengine nao wanasukumwa kwenye nafasi zao za mwisho kwa aya chache. Ndoa zinapangwa, vyeo vinagawiwa, na hesabu inafungwa. Anayepunjwa zaidi ni Lydia. Katika sura za mwanzo yeye ndiye akili kubwa kuliko zote katika riwaya, na uamuzi wake wa kuolewa na Cashel anautolea hoja ya urithi wa kimaumbile: mwili wake dhaifu na bongo lake lisilotulia vinahitaji kuunganishwa na mtu mwenye nguvu na nafsi tulivu. Hoja hii ni baridi, hata ya kuogofya, na ilistahili kuchunguzwa. Shaw anaimaliza kwa mzaha, kwa kuonyesha tu kwamba watoto hawakutoka kama ilivyotarajiwa. Mwanamke aliyekuwa mfikiri anaishia kuwa mlezi wa watoto na wa mume aliye kama mmoja wao.

Bashville, mtumishi wa Lydia, anapaswa kutajwa kwa upekee. Yeye pia anampenda Lydia, anathubutu kumwambia, na Lydia anamsikiliza bila dharau. Isitoshe, yeye ndiye anayembwaga bingwa Cashel kwa mwereka mlangoni mwa bibi yake. Kwa mizani ya nguvu, uaminifu na moyo, Bashville hapungukiwi na Cashel kwa lolote ila ardhi ya Dorsetshire. Riwaya iliyodai kubomoa ukuta wa tabaka inamwacha nje ya ukuta uleule. Ni kana kwamba mtunzi mwenyewe alilihisi deni hilo, kwani mwaka 1901 alipoigeuza riwaya kuwa tamthilia ya ushairi aliipa jina la The Admirable Bashville. Lakini tamthilia hiyo iliandikwa kwa takriban wiki moja ili kulinda haki yake ya jukwaani dhidi ya waigizaji wa Marekani, na Shaw alikiri kwamba alitumia ushairi usio na vina kwa kuwa ulimwia mwepesi kuliko nathari. Deni la haraka likalipwa kwa haraka nyingine.

5.0 Mfalme Asiye na Jina

Kwa msomaji wa Kiafrika kuna sehemu nyingine inayoudhi, nayo haikuzingatiwa vya kutosha. Pambano la glavu kati ya Cashel na mpinzani wake Paradise linafanyika London katika maonyesho yaliyoandaliwa kumtumbuiza mfalme wa Kiafrika. Mfalme huyo hana jina katika riwaya. Yupo ili atazamwe akitazama.

Msomaji wa mwaka 1886 hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyekusudiwa. Cetshwayo kaMpande, mfalme wa Wazulu, ambaye jeshi lake liliwashinda Waingereza Isandlwana tarehe 22 Januari 1879, alishindwa Ulundi Julai mwaka huohuo, akakamatwa na kufungwa Rasi. Agosti 1882, miezi ileile ambayo riwaya ilikuwa ikiandikwa, alifika London kuomba arudishiwe ufalme wake, na akaonana na Malkia Victoria. Umati ulijaa kumtazama. Alirudishwa Januari 1883 katika nchi iliyokatwa vipande, na akafa Februari 1884. Tamthilia ya 1901 inamtaja waziwazi kwa tahajia ya Cetewayo, tena katika dhima ya kuchekesha.

Si haki kumdai Shaw wa mwaka 1882 awe na mtazamo wa baada ya uhuru. Hata hivyo, yaweza kudaiwa kwa mujibu wa mantiki ya riwaya yenyewe. Cashel anasema kwamba wanaopata vyeo kwa vita ni wakatili kuliko yeye. Ushahidi hai wa hoja hiyo ulikuwa umeketi ukumbini: mtu aliyenyang'anywa nchi kwa vita vya wale waliomwonea Cashel aibu. Mtunzi alikuwa na Cetshwayo mbele yake na hakumwona. Kama angempa mfalme huyo hata ukurasa mmoja wa fikra zake, onyesho la Islington lingekuwa kioo cha dola nzima, na swali la nani mkatili lingepata jibu la kutisha. Haraka ya kufikia ngumi ilimfanya apite juu ya utajiri mkubwa kuliko wote uliokuwamo katika kisa chake.

6.0 Mwili Usioumia

Kasoro ya tatu inahusu mwili wenyewe. Riwaya inayojigamba kwa jina lake kuwa inaeleza kazi ya bondia haionyeshi kazi hiyo inavyomla anayeifanya. Cashel anapigana na kushinda, anastaafu akiwa mzima, na uso wake unabaki wa kupendeza. Gharama inabebwa na wapinzani, na wapinzani wamechorwa kama watu wa hovyo ambao msomaji hatawahurumia.

Maisha yamekwisha kuisahihisha riwaya hii mara kadhaa. Mwaka 1906 James Corbett, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alicheza nafasi ya Cashel jukwaani New York. Gene Tunney, bingwa aliyemshinda Jack Dempsey mwaka 1926 na 1927, na ambaye alikuwa msomaji hodari, aliikosoa hadharani picha ya bondia iliyomo katika riwaya hiyo, naye Shaw hakumpinga. Baadaye wakawa marafiki. Cha ajabu ni kwamba Tunney aliishi msuko uleule: mwaka 1928 aliacha ulingo akiwa bingwa na kumwoa Polly Lauder, binti wa ukoo tajiri. Yaweza kusemwa basi kwamba mwisho wa Shaw si muhali. Lakini Tunney alipoeleza kwa nini alistaafu, alisimulia pigo la kichwa alilolipata mazoezini ambalo lilimfutia kumbukumbu kwa muda na kumtia hofu. Hofu hiyo ndiyo iliyokosekana kwa Cashel. Bondia wa kweli aliyeoa tajiri alikuwa na la kueleza kuhusu mwili wake, ilhali bondia wa kubuni ana la kueleza kuhusu ardhi yake tu.

Katika mazingira ya Kenya hoja hii haiwezi kubaki ya kinadharia. Robert Wangila aliishindia nchi nishani ya dhahabu ya ndondi katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akaingia katika ndondi za kulipwa, na akafariki Julai 1994 kutokana na majeraha ya pambano huko Las Vegas. Msomaji anayelijua jina hilo hawezi kuisoma Cashel Byron's Profession kama mzaha usio na madhara. Kwa vijana wengi wa nchi hii mchezo ni riziki. Hauwangojei urithi wa siri mwishoni mwa sura, na mwili ndio rasilimali pekee waliyo nayo. Riwaya itakayowapa mapenzi bila kuonyesha bei ya mwili wao itakuwa imewaibia kwa mkono uleule unaowasifu.

7.0 Je, Si Kejeli?

Wapo watakaotetea kwamba mwisho huu ni kejeli ya makusudi: Shaw anawapa wasomaji wa riwaya za mapenzi kile wanachokitaka ili awacheke kwa kukitaka. Utetezi huu una ukweli ndani yake. Sauti ya msimulizi katika kurasa za mwisho ni ya kebehi, na mtunzi mwenyewe aliizungumzia kazi hii kwa dhihaka katika dibaji zake.

Hata hivyo, kejeli yenye nguvu humlazimisha msomaji kuliona pengo kati ya kinachosemwa na kinachostahili kusemwa. Hapa pengo halionekani. Msomaji aliyetaka ndoa amepata ndoa na anafunga kitabu akiwa ameridhika. Aliyetaka jibu la hoja ya Cashel anafunga kitabu akiwa mikono mitupu. Kejeli inayomridhisha anayekejeliwa na kumnyima aliyeielewa imekosa shabaha. Aidha, kumcheka msomaji kwa kutaka mwisho mwema hakumwondolei mtunzi jukumu la kutafuta mwisho ulio kweli.

Ulinganisho mmoja kutoka katika fasihi ya Kiswahili unatosha kuonyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo. Katika Utubora Mkulima, Shaaban Robert anamtoa mhusika wake katika kazi ya mshahara mjini na kumpeleka kulima Busutamu. Riwaya hiyo ina mielekeo ya mawaidha ambayo wahakiki wameikosoa, na kwa wepesi wa masimulizi Shaw anamzidi. Lakini kuhusu kazi, Shaaban Robert ni mwaminifu zaidi. Utubora anachagua jembe akijua linachomnyima, na heshima anayoipata inatoka katika jembe hilohilo. Hapandishwi cheo ili astahili kupendwa. Shaw, aliyekuwa akielekea kwenye usoshalisti, alimwokoa shujaa wake kwa hati ya ardhi.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa udhaifu wa Cashel Byron's Profession hautokani na uchanga wa mada wala na upungufu wa kipaji. Unatokana na kukimbia ulingo pale pambano lilipoanza: hoja ya kazi ikazimwa kwa urithi, dhamiri ya Lydia ikapitiwa juu juu, Bashville akaachwa mlangoni, mfalme akanyimwa jina, na mwili wa bondia ukaepushwa na maumivu. Katika kila hali, kilichorukwa ndicho kilichokuwa kizito zaidi.

Kazi hii ifundishwe, tena isomwe sambamba na tamthilia za Shaw za baadaye, ili wanafunzi waone jinsi mwandishi mkubwa alivyoanza kwa kuuliza vizuri kabla hajajifunza kuvumilia jibu. Katika tamthilia ya Mrs Warren's Profession, aliyoiandika mwaka 1893, alilirudia neno lilelile katika anwani na swali lilelile la kazi inayoonewa aibu na wale wanaofaidika nayo. Safari hii hakuna urithi uliokuja kuokoa. Binti anaijua kazi ya mama yake, anaikataa fedha yake, na mlango unafungwa baina yao. Shaw alihitaji miaka kumi kufika hapo. Mtunzi wa Kiswahili atakayeandika riwaya ya mapenzi ya mwanariadha au bondia wa nchi hii anaweza kuanzia pale Shaw alipofikia.